Kichwa cha Balbina na Bomba la Makapi

Hilary aliivuta khanga kichwani mwa Balbina kama mtu anayefunua sufuria kuangalia kama wali umeiva.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa sita, msimu wa mpunga umepamba moto, na ile mashine ya kukoboa pale Ifakara ilikuwa inanguruma tangu alfajiri. Balbina alikuwa amejibanza katikati ya magunia, macho kafumba, ile khanga kaikaza kwenye paji la uso mpaka imemwachia alama. Alikuwa ameomba dakika kumi tu.

"Amka, malkia," Hilary akasema, kwa sauti ya kuwafikia wateja mpaka nje. "Wenzako wanachambua, wewe umelala. Jana kichwa, juzi kichwa. Hivi wewe ndiye mwenye kichwa, au kichwa ndicho chenye wewe?"

Wapakiaji wakacheka. Wateja wawili watatu wakacheka pia, watu ambao Balbina alikuwa amewachambulia mchele wao mawe na chenga kwa miaka. Akakaa kitako, akamwangalia Hilary. Huyu kijana alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na tano. Asubuhi ile ile alikuwa amempa shikamoo. Alipoletwa pale kuwa msimamizi, hakuwa anajua hata kutofautisha mchele mpya na wa mwaka jana. Balbina ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuunusa na kuung'ata.

"Nipe khanga yangu," alisema.

"Nenda nyumbani ukapumzike. Ukipona, tutaangalia kama nafasi ipo."

Balbina akaichukua khanga, akajifunga kiunoni badala ya kichwani, akatoka. Hasira aliyotoka nayo ilikuwa imejijenga taratibu, misimu miwili mizima.

Kichwa chenyewe kilikuwa na tabia yake. Kilianzia katikati ya nyusi, kikashuka kwenye mifupa ya mashavu, kama mtu yumo ndani anasukuma kwa vidole gumba viwili. Akiinama kuokota ungo, maumivu yote yalihamia mbele. Kabla yake zilikuja chafya, kumi au kumi na mbili mfululizo, pua ikatoka maji meupe, macho yakawasha, na kaakaa likawasha mpaka akalikwangua kwa ulimi kwa mlio ambao mumewe, Polycarp, alisema unamkera kuliko kitu chochote duniani.

Na Ifakara ukisema kichwa kinauma, jibu linakuja kabla hujamaliza sentensi: malaria. Balbina hakuwalaumu watu kwa hilo. Alikuwa Mndamba, mzaliwa wa Michenga, bondeni kwenye mpunga, na katika ukoo wao malaria ilikuwa imeshazika watoto wanne. Ila alipopimwa, kipimo kilisema hapana. Akaenda duka la dawa, muuzaji akamwambia malaria nyingine hujificha, kipimo hakiioni. Akameza dawa ya mseto. Mwezi uliofuata akameza tena. Katika mwaka mmoja alimeza dozi saba za kutibu malaria ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kisha ikawa taifodi. Kisha presha, ambayo haikuwepo. Mwisho akabaki na vidonge vya maumivu tu, viwili asubuhi, viwili mchana, kila siku ya Mungu, mpaka ikafika mahali kichwa kikauma kwa sababu tu vidonge vimemwishia.

Aliomba asamehewe mazoezi ya kwaya mara tatu. Mara ya nne sauti ya pili ikapewa mtu mwingine bila kumwambia. Na Jumapili ambayo Omega, binti yake wa pekee, alipata kipaimara, Balbina alikuwa kitandani, dirisha limezibwa kwa blanketi, anasikia vigelegele kutoka kanisani. Omega alirudi na gauni lake jeupe, akasimama mlangoni, akamwuliza, "Mama, hata leo?" Swali hilo lilimkaa Balbina kooni kuliko vidonge vyote.

Siku hiyo hiyo ya kipaimara, wifi yake, Fausta, alikuwa uani anagawa pilau. Balbina alimsikia vizuri kabisa kupitia lile dirisha.

"Kichwa cha Mama Omega kina ratiba," Fausta alisema. "Msimu wa kazi ukianza, kinaanza. Kazi zikiisha, kinapona. Ungekuta mimi ndiye mwenye kichwa cha namna hiyo, ningekuwa tajiri wa usingizi."

Watu walicheka. Na katika vicheko hivyo Balbina aliitambua sauti ya Polycarp.

Kwa hiyo asubuhi ile alipofukuzwa mashineni hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja zahanati, akakaa kwenye benchi, na alipoitwa ndani hakungoja kuulizwa.

"Sitaki dawa," alisema. "Nimekula dawa mpaka nimekuwa duka. Nataka karatasi. Niandikie kwamba mimi ni mgonjwa, kwamba sidanganyi, nikaibandike pale mashineni wote waisome."

Tabibu aliyekuwa mezani alikuwa binti wa Kisukuma, Kija, mtoto wa wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Balbina alipoutambua ukoo wake, akaongezeka hasira. Ng'ombe wa watu kama hao waliwahi kuingia shamba la kaka yake na kulaza mpunga wote chini. Sasa leo hii ndiye wa kuamua kama kichwa chake kinauma kweli!

"Shikamoo, mama," Kija alisema.

"Marahaba."

"Karatasi nitaandika. Ila siwezi kuandika nisichokijua. Kaa uniambie. Hicho kichwa kinauma lini?"

Katika misimu miwili hakuna mtu aliyewahi kumwuliza *lini*. Walimwuliza kama ana homa, kama anatapika, kama amelala bila neti. Balbina akacheka kicheko kikavu. "Muulize wifi yangu. Yeye anasema kinauma kwa ratiba."

Kija hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Basi nitajie hiyo ratiba."

Balbina akaitaja, mwanzoni kwa kejeli, kama anamwigiza Fausta. Kinaanza mwezi wa tano, mpunga mpya ukianza kuingia mashineni. Asubuhi anaamka nacho. Kinapoa kidogo akiwa njiani. Ikifika saa tatu, saa nne, mashine ikishachanganya, kinarudi na chafya zake. Mwezi wa kumi kinapungua. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, akiwa Michenga kupanda mpunga, analala kwenye kibanda cha shambani, mvua inamnyeshea, mbu wanamla, na hakiumi hata siku moja. Alipofika hapo akanyamaza. Alikuwa hajawahi kuyasema yote kwa mfululizo, wala mwenyewe kuyasikia.

"Wifi yako amesema kweli bila kujua," Kija alisema. "Alichokosea ni sababu tu."

Akamwangalia puani kwa tochi, akamgonga polepole kwenye paji na mashavuni, akampima joto, akampima malaria tena kwa kuwa, alisema, bondeni huwezi kuiruka. Hapana, hakuna. Akauliza kama shingo inakakamaa, kama macho yanaona ukungu, kama kuna siku kichwa kilikuja ghafla kwa nguvu ambayo hajawahi kuijua. Balbina akakataa yote.

"Ukiona lolote kati ya hayo, au homa kali, usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ila hiki chako, mama, kwa ninavyokiona, kinatoka puani. Ni mzio. Aleji. Mifupa ya uso ina vyumba vidogo ndani, na kila chumba kina tundu linalofungukia puani. Wewe ukivuta vumbi la makapi, pua yako inavimba kwa ndani, yale matundu yanaziba, na kamasi linakosa pa kutokea. Ndiyo unasikia kama unasukumwa. Na hivyo vidonge vya maumivu vya kila siku vimegeuka, navyo vinakuletea kichwa chao. Sikuapii kwamba ni hilo peke yake. Wengine wanakuwa na kipandauso na wanadhani ni pua. Tutajua kwa kufuatilia."

Balbina aliuliza swali moja. "Hili lingeweza kujulikana tangu mwanzo?"

Kija hakumficha. "Lingeweza. Kama ungeulizwa."

Ungetegemea afurahi. Balbina aliangua kilio. Dozi saba. Kwaya. Gauni jeupe mlangoni. Yote hayo kwa kukosa swali moja la dakika mbili. Alimkasirikia muuzaji wa dawa, alimkasirikia Fausta, alimkasirikia hata huyu binti aliyekaa mbele yake, kwa nini amechelewa kuletwa zahanati hii. Kija alimwacha alie. Kisha akamweleza la kufanya, na akamtaka arudie kwa mdomo wake ili wahakikishe wameelewana.

Kidonge kimoja cha setirizini jioni, maana kinaweza kuleta usingizi. Dawa ya kupuliza puani, kila siku, hata kama hasikii nafuu, kwa kuwa inachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Kusafisha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, robo lita na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kamwe si ya bomba wala ya kisima yakiwa mabichi. Dawa za maumivu zisizidi siku mbili kwa wiki, na wiki ya kwanza bila vidonge vile itakuwa mbaya, ajiandae. Barakoa kazini. Akirudi kazini, avue nguo nje na aoge, anawe na nywele, kabla ya kugusa kitanda.

"Na nyumbani," Kija aliuliza, "unapoamka nacho asubuhi, unalala na nini?"

Balbina akakikumbuka chumba chake. Nyumbani, kwenye kona ya chumba cha kulala, kulikuwa na magunia matatu ya makapi. Aliyabeba mwenyewe kutoka mashineni kwa ajili ya banda la kuku, na Polycarp alikataa yakae nje yasije yakalowa. Na mto wake ulikuwa wa sufi, wa tangu siku ya harusi, ukiupiga unatoa vumbi kama moshi.

Alifika nyumbani mchana. Polycarp alikuwa kibarazani anatengeneza baiskeli. Balbina hakumsalimia. Aliingia ndani, akatoka anaburuta gunia la kwanza, akalimwaga miguuni pake, la pili, la tatu, makapi yakatapakaa mpaka kwenye mnyororo aliokuwa ameupaka grisi. Mwisho akatupa mto juu yake.

"Umerukwa na akili?" Polycarp aliuliza.

"Nimelala na ugonjwa wangu miaka miwili, umenizuia kuutoa nje usilowe!" Balbina alipiga kelele, na majirani wakasimama. "Kuku wamelala nje salama, mimi ndiye niliyelala na makapi yao!"

Alimweleza akiwa analia na kupiga chafya. Polycarp alisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Sasa mimi ningejuaje?" Balbina akamjibu kwamba kutojua hakumkasirishi, kinachomkasirisha ni kucheka. Polycarp akaiegesha baiskeli ukutani. Akaanza kuzoa makapi.

Ile wiki bila vidonge ilikuwa mbaya kweli. Siku ya tatu alidhani kichwa kitapasuka. Siku ya sita aliamka, akabaki amelala kimya, akishangaa mbona hakuna kinachomsukuma usoni. Omega alimchemshia maji ya chumvi kila asubuhi na kuyapoza. Kwenye daftari kuukuu la shule Balbina aliandika, kama Kija alivyomwagiza, siku zenye kichwa na siku zisizo nacho, na alikuwa wapi.

Siku ya kumi alirudi mashineni na barakoa usoni na karatasi mkononi. Hilary akaisoma kwa sauti, na kwenye neno mzio akasimama.

"Aleji ya mpunga?" Akawageukia wapakiaji. "Jamani, njooni muone. Mndamba ana aleji ya mpunga!"

Wakacheka tena. Balbina akangoja wamalize.

"Wali nakula," alisema. "Makapi ndiyo siyali. Na makapi unayonilisha wewe, Hilary, kwa lile bomba."

Akanyoosha kidole. Bomba la kutolea makapi lilikuwa linapuliza upande wa nyuma, juu kabisa ya banda la mabati wanamochambulia wanawake. Zamani lilielekea uwanjani. Misimu miwili iliyopita, wateja wenye magari walilalamika kwamba vumbi linawachafulia, na Hilary akaligeuza. Hakuna aliyewauliza wanawake. Balbina alikuwa amelikumbuka hilo usiku wa kwanza bila vidonge, na kumbukumbu hiyo ilimuuma kuliko kichwa.

"Mlilitoa kwenye magari mkalileta kwenye pua zetu," alisema. "Gari linaoshwa. Mimi umenivua khanga mbele ya watu."

"Una barakoa. Vaa ufanye kazi," Hilary alisema.

"Ninayo mimi. Hawa je?"

Wanawake wanane walikuwa wameinama kwenye nyungo zao, kana kwamba hawasikii. Balbina akaanza kuona aibu. Kisha Konsolata, mtu mzima kuliko wote pale, ambaye miaka yote alikuwa akikohoa na kusema ni uzee, akauweka ungo wake chini kifudifudi.

"Mimi kifua kinalia filimbi kila jioni," alisema. "Sikusema kwa kuwa niliona wanavyomfanyia mwenzangu."

Mwingine akasema macho. Mwingine akasema mwanae anayembeba mgongoni hapumui vizuri akilala. Nyungo zikawekwa chini moja moja, na hakuna aliyeondoka. Walikaa tu, mikono mapajani. Ilikuwa siku ya mchele mwingi. Lori la kupeleka Morogoro lilikuwa limeegeshwa linangoja magunia, na hakuna mchele usiochambuliwa ambao mnunuzi wa huko angeukubali. Hilary alitukana, akabembeleza, akatishia kuleta wachambuaji wengine kutoka Namawala. Ilipofika saa nane, dereva wa lori mwenyewe akampigia simu mwenye mashine.

Mwenye mashine, mama mmoja aitwaye Wilhelmina, alifika akiwa amekunja uso. Balbina hakumhutubia. Alimkaribisha akae kwenye mkeka, chini ya bomba, wazungumze hapo hapo. Wilhelmina alikataa kukaa, akaangalia lile vumbi jepesi linavyoshuka kutoka juu, akajifunika mdomo kwa mtandio. Alipoona wanawake wote wanamtazama alivyojifunika, akaushusha mkono. Hakusema samahani. Alimwita fundi.

Kufikia kesho yake jioni bomba lilikuwa limeongezewa kipande na kiwiko, likipita juu ya banda kwenda kwenye uzio wa nyuma, na mdomoni limefungwa gunia la kupokea makapi. Kazi haikuwa ya kupendeza. Gunia hujaa haraka, na asipotokea wa kulibadilisha, vumbi linarudi. Barakoa zililetwa mara mbili tu, baada ya hapo kila mmoja akajinunulia. Hilary alimrudishia Balbina nafasi yake na hakumpa shikamoo tena mpaka msimu ukaisha. Konsolata alipimwa, akaambiwa ni pumu, akaacha kazi na kurudi shambani; Balbina alimsindikiza na alirudi amekunja ngumi, maana Konsolata alikuwa amelivuta vumbi la mashine ile kuliko mtu yeyote.

Na kichwa? Katika daftari, wiki ya kwanza ilikuwa na siku tano mbaya. Wiki ya nane haikuwa nayo hata moja. Hakikuisha kabisa. Mwezi wa tisa watu walipoanza kuchoma mabua mashambani, moshi ukatanda bonde zima, kilirudi siku tatu, na Balbina aliogopa kwamba yote yalikuwa bure. Kija alimwambia si bure. Moshi ni moshi, azidi kusafisha pua, afunge madirisha, angoje mvua. Ikawa hivyo. Hakumeza dawa ya malaria hata mara moja mwaka huo, na mara aliyopata homa alikwenda kupimwa kwanza.

Kwaya ilimwomba arudi. Alirudi, akasimama sauti ya pili, na hakumwambia kiongozi kwamba amesahau alivyonyang'anywa nafasi, kwa kuwa hakuwa amesahau. Fausta alimletea mto mpya wa sponji kama zawadi, na badala ya kuomba radhi akasema, "Kumbe kweli ulikuwa unaumwa." Balbina aliupokea mto.

Jumapili moja mwezi wa kumi, baada ya misa, Polycarp aliweka sahani yake chini kabla hajamaliza kula. Alikuwa ameanza kujenga kibanda cha makapi nyuma ya nyumba, cha mabati, kwa mikono yake, bila kuambiwa.

"Mama Omega," alisema, "ile siku ya kipaimara. Nilicheka. Nisamehe."

Balbina naye akaweka sahani yake chini. Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu hakuna kilichomuuma popote usoni, na labda ndiyo maana aliweza kusema polepole, bila kupandisha sauti.

"Nitakusamehe, Polycarp," alisema. "Ila si leo. Leo bado nina hasira, na ni haki yangu."

Polycarp akatikisa kichwa kukubali, akaivuta sahani yake karibu, wakaendelea kula.